Lipi ni Siri ya Mtu, na Lipi ni Haki ya Kijiji Kujua?

Kumbuka siku zile kabla hujajua kusoma. Barua ilikuja kutoka kwa mwanao aliye mjini. Uliishika mkononi, ukaigeuza juu na chini, ukaona michoro tu. Ikabidi umwite mtoto wa jirani anayesoma darasa la tano. Mtoto akakaa kwenye kigoda, akasoma kwa sauti kama anavyosoma shuleni. Jirani aliyekuja kuomba moto akasikia. Kumbe mwanao anaeleza kwamba ni mgonjwa na ana deni. Jua halijazama, habari imeshafika kilabuni.

Mtoto yule hakuwa na kosa. Wewe pia hukuwa na kosa. Ila siri yako ilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine.

Kumbuka na jambo la pili. Ulipita mbele ya ofisi ya kijiji ukaona karatasi imebandikwa ubaoni. Ilikuwa karatasi ya mapato na matumizi, fedha zako zimo. Lakini ulipita tu, kama anavyopita mbuzi.

Kwa hiyo asiyejua kusoma alipoteza mara mbili. Jambo lake mwenyewe walilijua watu wengine. Na jambo la watu wote yeye hakulijua.

Sasa unajua kusoma. Barua yako unaisoma mwenyewe, na ubao wa kijiji unausoma mwenyewe. Katika somo la leo tutajifunza namna ya kutenganisha mambo hayo mawili: lipi ni la mtu binafsi, likae kwake, na lipi ni la wote, liwekwe wazi. Tutaangalia pia jambo la tatu linaloingia katikati, yaani usalama.

1. TUCHUKUE MFANO WA KIJIJI

Kijiji hiki tumekitunga sisi. Lakini msomaji akikiona kinafanana na chake, asishangae.

Katika kijiji hiki watu walichanga fedha za kujenga zahanati. Kila kaya ilitoa fedha, wengine wakatoa na matofali. Kuta zikasimama mpaka kwenye linta, kisha kazi ikalala. Majani yakaota ndani. Kwenye mkutano mkuu, bibi mmoja akasimama akauliza:

"Mwenyekiti, tulichanga. Naomba kujua zimebaki shilingi ngapi."

Mwenyekiti akajibu, "Bibi, hayo ni mambo ya ofisi. Ni siri ya serikali ya kijiji. Kaa chini tuendelee."

Bibi akakaa. Watu wakanung'unika kidogo, kisha wakanyamaza.

Wiki hiyohiyo, mama mmoja alikwenda kwenye zahanati ya kijiji cha jirani. Alipimwa, akapewa dawa. Mhudumu aliyemwona akamsimulia rafiki yake kisimani, "Unajua fulani anatumia dawa gani?" Rafiki akamwambia mumewe. Mume akasema sokoni. Basi yule mama akaona watu wanamwangalia kwa jicho la pembeni. Biashara yake ya vitumbua ikafa. Mwezi uliofuata hakwenda kuchukua dawa. Afadhali kuumwa ndani, alisema, kuliko kutangazwa nje.

Ndugu msomaji, tazama kijiji hiki. Hesabu ya fedha za wote imefichwa. Ugonjwa wa mtu mmoja umetangazwa. Kilichotakiwa kufunguliwa kimefungwa, na kilichotakiwa kufungwa kimefunguliwa. Mambo yamepinduliwa miguu juu!

Na hasara yake si maneno tu. Zahanati haikwisha, na mgonjwa hakunywa dawa. Mambo haya mawili yanaweza kuua watu.

2. SHERIA ZINASEMAJE?

Wengine hudhani kwamba haya ni mambo ya adabu tu. Si adabu peke yake. Ni sheria.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilitungwa mwaka 1977. Mwaka 1984 ziliongezwa ndani yake haki za binadamu. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu. Inataja nafsi yake, maisha yake ya ndoa, familia yake, nyumba yake na mawasiliano yake. Barua yako na simu yako zimo humo.

Ukigeuza kurasa kidogo, unafika Ibara ya 18. Hii inakupa haki ya kutafuta habari na kupata habari. Inasema pia kwamba una haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii.

Je, Ibara hizi mbili zinagombana? Hazigombani. Ya 16 inalinda mlango wa nyumba yako. Ya 18 inafungua mlango wa ofisi ya wote. Kisha Ibara ya 30 inatukumbusha kwamba mtu asitumie haki zake kwa namna ya kuvunja haki za wengine au kuharibu maslahi ya umma.

Ziko pia sheria nyingine zinazotusaidia. Tutazitaja nne.

Ya kwanza ni Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982. Kijiji kina mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mkutano huo wa kawaida unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mahali pa kuuliza habari za fedha.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila kibali cha mkutano mkuu. Kwa hiyo nani amepewa ardhi, na ni ardhi kiasi gani, si siri ya mwenyekiti na mtendaji.

Ya tatu ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hii ni ya Tanzania Bara. Mwananchi anaweza kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi ya umma. Ofisi inatakiwa ijibu mapema iwezekanavyo, na isipite siku 30. Ikikataa, itoe sababu. Sheria hii nayo imetaja mambo ambayo yanaweza kuzuiwa. Miongoni mwake ni yale yanayoweza kudhuru usalama wa taifa, na yale yanayoingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Fedha za matofali hazimo.

Ya nne ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023. Inasema kwamba anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa kazi inayojulikana. Asichukue zaidi ya anachohitaji. Azitunze zisivuje. Na kazi ikiisha, asikae nazo milele. Iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Unaona, basi? Yule bibi wa mkutanoni alikuwa na sheria upande wake, ila hakujua. Na yule mama wa vitumbua pia alikuwa na sheria upande wake.

3. USALAMA NAO JE?

Sasa tuingie kwenye jambo gumu zaidi. Mtu anaweza kusema, "Tukificha kila kitu, wezi watajificha pia." Maneno hayo yana ukweli. Kijiji kisichojua nani amelala wapi hakiwezi kujilinda.

Wazee wetu wanakumbuka utaratibu wa balozi wa nyumba kumi, ulioanza miaka ya 1960. Mgeni akija, balozi anaarifiwa. Jina lake nani, ametoka wapi, amefikia kwa nani. Utaratibu huo ulikuwa wa chama, wakati nchi ilipokuwa na chama kimoja. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Lakini desturi ya kumwandikisha mgeni imebaki katika vijiji vingi, na daftari la wakazi linatunzwa.

Daftari hilo lina faida. Akipotea mtoto, linasaidia. Akifa mgeni usiku, linasaidia kujua ndugu zake. Ila kalamu ya mwandishi ina mpaka. Anaandika jina, mahali alikotoka mgeni, mwenyeji wake na siku atakazokaa. Mgeni anaumwa nini? Hilo halihusu daftari. Mgeni anapiga kura wapi? Hilo pia halihusu. Mgeni ni mume wa zamani wa mwenyeji? Hapo mwandishi amekwishaacha ulinzi, ameingia kwenye umbea!

Tukumbuke pia sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi huko Unyamwezini na Usukumani. Wananchi wakachoka. Wakaunda ulinzi wao wa jadi, wakapeana zamu, wakafuata nyayo za mifugo usiku na mchana. Wizi ulipungua katika sehemu nyingi. Hilo tuwasifu. Lakini upande wa pili wapo watu waliopigwa, na wapo waliofukuzwa vijijini mwao kwa kushukiwa tu, bila kufikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1989 ulinzi wa jadi uliingizwa katika sheria ya mgambo.

Turudi sasa kwenye kijiji chetu cha mfano. Ng'ombe wawili wa mzee mmoja waliibwa. Usiku wa manane vijana wa ulinzi wakapiga hodi kwa mjane mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Kuna nini usiku huu?"

"Tunatafuta ng'ombe wa mzee."

"Karibuni zizini mkaangalie."

"Zizini tumeshaangalia. Tunataka kuingia ndani. Fungua na lile sanduku."

"Lo! Wanangu, ng'ombe anakaa sandukuni?"

Vijana hawakucheka. Sanduku likafunguliwa. Ndani palikuwa na khanga, barua za marehemu mumewe, na fedha za mahindi alizozifunga kwenye kitambaa. Kila aliyekuwapo akaziona. Baada ya wiki mbili, mjane alipokuwa shambani, mtu alivunja dirisha akazichukua zote.

Tufikiri pamoja hapo. Vijana walikuja kwa jina la usalama. Walipoondoka, mama yule alikuwa hana usalama tena. Kumbe siri ya mtu nayo ni sehemu ya usalama wake! Mlango uliofungwa, namba ya siri na sanduku lenye kufuli ni ulinzi pia.

Je, ina maana nyumba ya mtu isipekuliwe kabisa? Hapana. Mwizi naye ana nyumba. Katiba, katika Ibara ileile ya 16, inasema sheria iweke utaratibu wa lini, kwa namna gani na kwa kiasi gani faragha inaweza kuingiliwa. Utaratibu huo umo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kwa kawaida inatakiwa hati ya upekuzi. Hati hiyo inatumika kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Kitu kikichukuliwa, mwenye nyumba apewe stakabadhi, na mashahidi watie sahihi. Iko nafasi ya polisi kupekua bila hati pale jambo linapokuwa la haraka mno. Lakini hiyo ni ya dharura, isigeuzwe kuwa mazoea.

Kwa hiyo askari akija, mpokee kwa heshima. Usimpige, usikimbie. Muulize jina lake na kituo chake. Omba kuona hati, na uisome. Soma tarehe. Soma jina, ni lako au la jirani yako? Omba stakabadhi. Kazi hii ndogo ya kusoma inakulinda wewe, na inamlinda hata askari mwema asisingiziwe.

4. PALE MAMBO YANAPOGONGANA

Yako mambo ambayo hayako upande mmoja wazi. Tuangalie matatu.

(a) Kipindupindu. Mtu mmoja katika kitongoji ameharisha na kutapika, akapelekwa zahanati, akakutwa na kipindupindu. Je, hiyo ni siri yake? Bwana afya lazima ajue nyumba yake, kwa sababu anatakiwa akague choo na maji na kuwaangalia waliokula naye. Kijiji lazima kijue kwamba ugonjwa umeingia, ili watu wachemshe maji na kunawa mikono. Lakini kijiji kikijua jina, kinapata faida gani? Jina halichemshi maji. Basi tangazo liseme, "Kipindupindu kimeingia kitongoji hiki. Chemsha maji." Jina libaki kwa wanaomtibu na wanaozuia ugonjwa.

(b) Virusi vya UKIMWI. Sheria ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri. Anapewa aliyepimwa. Sheria imetaja wachache wengine, kama mzazi au mlezi wa mtoto, na mahakama jambo linapofika huko. Kijiji hakikutajwa. Kisima hakikutajwa. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka mwenye virusi amwarifu mwenzi wake. Kwa nini? Kwa sababu uhai wa mwenzi uko hatarini. Unaona jinsi mizani inavyopimwa? Anayeweza kudhurika aambiwe. Asiyehusika asiambiwe.

(c) Fedha za kaya maskini. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulipoanza mwaka 2012 na miaka iliyofuata, majina ya kaya yalipelekwa kwenye mikutano ya vijiji ili wananchi wayathibitishe. Wengine waliona haya. Nani anapenda kuitwa maskini mbele za watu? Lakini fikiria kama majina yangefichwa. Mtu mwenye duka angeweza kuandikwa, na ajuza asiye na kitu akaachwa, na nani angejua? Hizo ni fedha za umma, kwa hiyo jina lisomwe. Ila sababu zake za ndani zisitangazwe. Inatosha kusema kaya fulani imekidhi masharti. Hakuna haja ya kusema fulani ana ugonjwa fulani, au mumewe amemkimbia.

Katika mambo yote matatu tumefanya kazi moja. Hatukufunga mlango wote, wala hatukuufungua wote. Tulifungua kiasi cha haja.

5. MASWALI MATANO YA KUSHIKA

Siku hizi watu wengi wanakuja na karatasi na simu kuuliza habari zetu. Yuko mwenye mradi, yuko wakala wa simu, yuko mtu wa kikopo cha mikopo, yuko anayesema ametoka wilayani. Wengine ni wakweli, wengine ni matapeli. Kabla hujatoa jina, namba ya kitambulisho au alama ya kidole, uliza maswali haya:

Kwanza: Wewe ni nani, na umetumwa na nani? Nionyeshe barua au kitambulisho.

Pili: Unataka habari hizi kwa kazi gani?

Tatu: Kwa kazi hiyo, unahitaji kiasi gani? Anayegawa mbegu anahitaji kujua ukubwa wa shamba. Hana haja na fedha ulizoweka kwenye simu.

Nne: Nani mwingine atazisoma?

Tano: Zitakaa wapi, na mpaka lini?

Mtu mkweli hatakasirika ukimuuliza. Tapeli atakuharakisha. Atasema, "Mama, unanichelewesha, wenzako wameshajiandikisha." Haraka haraka haina baraka. Mwache aende.

Na wewe kiongozi wa kijiji unayesoma somo hili, maswali hayohayo jiulize wewe mwenyewe kabla hujafungua daftari.

6. SIMU ILIYOKO MKONONI

Zamani siri zilikaa sandukuni. Leo nyingi zinakaa kwenye simu. Fedha zimo, ujumbe umo, picha zimo.

Mwaka 2019, kuanzia tarehe 1 Mei, laini za simu Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa tarehe 20 Januari, 2020. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, yaani tapeli na mhalifu wajulikane. Hapo umma uliomba kidogo cha faragha yetu ili kutulinda.

Lakini ulinzi huo una tundu, na tundu hilo tulizibe wenyewe. Yako mawakala wasio waaminifu. Unaweka kidole, anakuambia, "Mashine imekataa, weka tena." Unaweka mara ya pili na ya tatu. Kumbe kila mara amesajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitapeli watu, anayetafutwa ni wewe! Basi mashine ikikataa, omba uione kwa macho yako, na usome maandishi. Piga *106# ili uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda ofisi ya kampuni ya simu ukaikane.

Na namba ya siri ni namba ya siri. Usimpe wakala akubonyezee. Usimpe mjukuu. Usiiandike nyuma ya simu. Wengi wetu tulikuwa tukimpa mtu mwingine kwa sababu hatukujua tarakimu. Sasa tunazijua. Geuka pembeni, bonyeza mwenyewe.

7. SASA TUFANYE NINI KIJIJINI?

Tunashauri mambo haya:

Mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila baada ya miezi mitatu, kwa maandishi makubwa, na yasomwe kwenye mkutano mkuu.

Daftari la wageni lifungiwe kabatini. Lisiachwe mezani kila apitaye alifunue.

Kwenye zahanati, mgonjwa aitwe kwa utaratibu, azungumze na mganga ndani, mlango umefungwa. Kadi zisipangwe mahali ambapo wengine wanaweza kuzisoma.

Walinzi wa kijiji wafundishwe mpaka wa kazi yao. Wakishuku nyumba, waweke ulinzi nje na wawaarifu polisi.

Na mwananchi akinyimwa habari za mali ya wote, asigombane. Aandike barua. Huu hapa mfano:

Kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.
YAH: OMBI LA TAARIFA YA FEDHA ZA ZAHANATI
Ndugu, mimi ni mkazi wa kijiji hiki. Naomba taarifa ya michango ya ujenzi wa zahanati: fedha zilizopokelewa, zilizotumika, kazi zilizotumiwa, na zilizobaki. Naomba kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Nitashukuru nikipata jibu kwa maandishi ndani ya siku 30.
Wako mwananchi,
(jina, sahihi na tarehe)

Andika nakala mbili. Moja iache ofisini. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Ukikataliwa, au ukiona siku 30 zimepita kimya, nenda ngazi ya juu na nakala yako mkononi.

Turudi kwa yule bibi wa mkutanoni. Katika mfano wetu, bibi huyu naye alikuwa amehitimu kisomo. Aliandika barua kama hiyo, kwa herufi kubwa kubwa, mistari ikipanda na kushuka. Mtendaji aliisoma mara mbili. Mkutano uliofuata hesabu ilisomwa. Fedha nyingine zilikuwapo, nyingine zilikuwa zimekopeshwa kiongozi mmoja pasipo idhini. Watu wakadai zirudi. Ndipo mtu mmoja akapaza sauti, "Na madeni ya bibi huyu kwa mwenye duka nayo yasomwe!"

Bibi akageuka, akamwambia, "Deni langu nililikopa mimi, nitalilipa mimi. Fedha za zahanati ni zetu sote. Hujaona tofauti, mwanangu?"

Mkutano mzima ukapiga makofi.

Ndugu msomaji, tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo. Kalamu ni kama ufunguo. Ufunguo mmoja unafunga mlango wa chumba chako, na uleule unafungua ghala la kijiji. Usiutumie kwa kazi moja ukaisahau ya pili.

MANENO YA KUJIFUNZA

Faragha: mambo ya mtu mwenyewe ambayo wengine hawana haki ya kuyaingilia bila sababu.
Taarifa binafsi: habari zinazomtambulisha mtu, kama jina, namba ya kitambulisho, alama ya kidole au ugonjwa wake.
Mali ya umma: mali ya watu wote, kama fedha za michango na ardhi ya kijiji.
Hati ya upekuzi: karatasi ya kisheria inayoruhusu nyumba ipekuliwe.
Stakabadhi: karatasi inayothibitisha kwamba kitu kimepokelewa au kimechukuliwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mapato na matumizi ya kijiji chenu yalisomwa lini kwa mara ya mwisho? Nani aliyauliza?
2. Mgonjwa akisimuliwa kisimani, nani anapata hasara? Taja watu watatu.
3. Vijana wa ulinzi katika mfano wetu wangefanya nini badala ya kufungua sanduku la mjane?
4. Mwalimu mkuu anataka kubandika ubaoni majina ya wazazi ambao hawajatoa mchango wa chakula cha shule. Wengine wanasema ni haki ya wote kujua. Wengine wanasema ni kuwaaibisha maskini. Ninyi mnasemaje? Tumieni yale maswali matano.
5. Kila mmoja aandike barua fupi ya kuomba taarifa moja ya kijiji chake. Someaneni barua hizo, msahihishane.